Mume Wangu Alinipinga kwa Utani, Mimi Nikacheka

Siku mume wangu aliponizika mbele ya mtaa mzima, mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Ndiyo, nilicheka! Mbavu sina, machozi yananitoka, kitenge kimenilegea kiunoni mpaka jirani akanisaidia kukifunga.

Kumbe nilikuwa nacheka msiba wangu mwenyewe...

Kaeni vizuri niwasimulie. Na nyie wa "fupisha dada", leo mtanisamehe. Hili sifupishi.

Naitwa Dorkasi. Mgogo wa Dodoma, nakaa Kikuyu, hapa hapa mjini. Wateja wangu wananiita Mama Samaki.

Nawaona mnavyocheka. Mgogo na samaki! Cheka tu, nimezoea.

Iko hivi. Baba yangu alipofariki alituachia watoto wake kila mtu na fungu lake. Kaka yangu Lameck alipewa ng'ombe. Mimi nilipewa eneo pembezoni mwa Kizota, upande wa kuelekea Nala.

Ardhi nyeupe, ya chumvi. Hata mtama pale ulikuwa unaota kwa huruma ya Mungu.

Watu walinipa pole msibani, mara mbili. Pole ya kufiwa na pole ya kurithi. Lameck mwenyewe alinishika bega.

"Mdogo wangu, baba kakuonea. Ila usijali, kaka yako nipo."

Lameck ng'ombe akauza mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na kwato tu kwenye matope. Mimi nikachimba kisima na mabwawa.

Maji yakatoka na chumvi kidogo. Mahindi yakayakataa, michicha ikayakataa, lakini sato hawakuwa na neno. Wakala, wakanenepa, wakaniletea jina mjini.

Shida ilikuwa vifaranga.

Huku kwetu wafugaji wengi tunaagiza vifaranga vya samaki kutoka mbali. Vinakuja kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, na jua lote la njiani ni lao. Unafika nyumbani unafungua mfuko kwa furaha... unakuta vinaelea tumbo juu. Nimeshalia juu ya ndoo mimi, acheni.

Nikasema basi. Nitajenga kituo changu cha kuzalisha vifaranga, hapa hapa Dodoma. Mtu wa Bahi, wa Kongwa, wa Chamwino, aje avichukue asubuhi na afike navyo kwake vikiwa hai.

Sasa kituo hakijengwi kama banda la kuku. Mji umekua, na eneo langu kwenye ramani ya mipango miji limeandikwa makazi. Lazima uombe kubadilisha matumizi ya ardhi. Bango linasimamishwa pale pale kwenye eneo, watu wasome unachotaka kufanya. Halafu unaitishwa mkutano wa mtaa, afisa anakuja, mwenye pingamizi anasimama anasema.

Ukipata kibali, unajenga. Ukikosa, hata yale mabwawa niliyokuwa nayo ningeambiwa niyafukie.

Nyote mmenielewa? Kibali kile kilikuwa maisha yangu.

Sasa niwaambie kuhusu mume wangu.

Anaitwa Stanley. Mhehe wa Ifunda, fundi wa malori kwenye gereji ya mtu pale Kizota, mafundi wenzake wanamwita Baba Samaki na yeye anaota gereji yake mwenyewe. Mrefu, mcheshi, mikono haitoki grisi hata aoge na jiwe.

Na kwa wale mliozaliwa juzi: Mgogo na Mhehe ni watani. Mtani anakwambia lolote, mbele ya yeyote, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Ndoa yetu ilisimama juu ya utani. Binti yetu Aneth kakua anadhani watu wote wanaamkiana kwa matusi.

"Mbukwa, mke wangu wa jangwani!"

"Kamwene, mla mbwa!"

Yeye ananiamkia Kigogo, mimi namjibu Kihehe na ule utani wa Wahehe kula mbwa. Hiyo ndiyo ilikuwa chai yetu ya asubuhi.

Siku ya mkutano ikafika. Tukakaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa ule lilipo eneo langu, viti vya plastiki vimepangwa, upepo wa Dodoma unatupaka vumbi kama poda. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Emiliana, mwanamke asiyetaka porojo, akafungua. Pembeni yake afisa kutoka ofisi ya mipango miji, Bwana Hanifu. Mzaliwa wa hapa hapa mjini, kofia ya kufuma kichwani, sura ya mtu aliyemeza rula.

Nikasimama nikaeleza. Nilieleza vizuri jamani, msinione hivi! Nikawaambia maji hayatatiririka ovyo. Nikawaambia harufu haitakuwepo. Nikawaambia namna sato jike anavyobeba mayai mdomoni, halafu hali chochote, njaa inamuuma lakini mdomo kaufunga mpaka watoto waanguliwe.

Wamama wakashangaa, "Eeeh!" Nikajua nimewashika.

Bwana Hanifu akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"



Halafu mkono ukanyanyuka nyuma kule. Mkono wenye grisi.

"Mimi napinga!"

Ni Stanley!

Akaja mbele anatembea kwa madaha, suruali kavuta juu kama diwani.

"Mimi ni mume wa huyu mama. Napinga! Jamani, Mgogo na samaki wapi na wapi? Huyu akiona maji mengi anadhani ni gharika! Samaki wenyewe watakufa kwa kiu, halafu kesi tuletewe Wahehe. Mimi kama mume sikubali, sitoi ridhaa, na muandike!"

Uwanja ukalipuka!

Wazee wanagonga fimbo chini. Vijana wanapiga miluzi. Na mimi, mjinga wa watu, ndiyo nacheka kuliko wote. Nikamjibu kwa sauti, "Kaa chini, mla mbwa, samaki hawabweki, unawaogopea nini!"

Watu hoi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Bwana Hanifu alikuwa ameinamisha kichwa... anaandika.

Tukafika nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba Aneth, yule afisa alikuwa anaandika ule utani wako."

"Aaah, yule! Hana akili? Utani gani unaandikwa?"

"Sasa pitia ofisini kwake ukamwambie ulikuwa unatania."

"Nitapita mke wangu. Kesho."

Kesho ikazaa kesho. Kila nikimuuliza, jibu lipo tayari. Mara lori limekatika springi. Mara kaenda kamkosa. Siku moja akaniambia kabisa, kwa macho makavu:

"Nilishamuona. Yameisha."

Nikamkaangia sato siku hiyo. Mkubwa kuliko wote bwawani.

Siku nilipoitwa kuchukua jibu nilivaa gauni langu la kanisani. Nilikuwa nimeshaongea na fundi wa matangi. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya geti!

Bwana Hanifu akanikaribisha kiti.

"Mama Dorkasi, ombi lako limekataliwa."

Nikadhani sijasikia.

"Limefanyaje?"

"Limekataliwa. Mwenza wako hakutoa ridhaa. Kapinga hadharani, mbele ya mkutano."

"Bwana Hanifu, yule alikuwa ananitania! Yeye ni Mhehe, mimi Mgogo! Wewe ni mtoto wa mjini hapa, utani huujui?"

Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Utani naujua, mama. Pengine kuliko wewe. Lakini mimi kazini naandika kinachosemwa. Na kwa sababu naujua, nilifanya kitu ambacho si lazima nikifanye. Nilimpigia mumeo simu mwenyewe. Nikamuuliza, Bwana Stanley, ulikuwa unatania?"



"Akasema nini?"

"Akasema, 'Sitanii. Napinga. Ila naomba mke wangu asijue.'"

...

Ndugu zangu. Mmewahi kusikia masikio yanapiga kengele?

Sikumbuki nilitokaje mle ofisini. Nakumbuka nimesimama juani, gauni langu la kanisani limenishika mgongoni, na kichwani sauti ya uwanja mzima unacheka. Na katika vicheko vyote, changu ndicho kilichosikika zaidi.

Aliniuzia mechi huku nampigia makofi!

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Makole kwa kaka yangu.

Nani mwingine? Baba hayupo, mama hayupo. Lameck ndiye damu yangu.

Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango wake, akaniinua, akaniingiza ndani, akanipa maji. Nikamweleza yote. Lameck akapiga ngumi meza, glasi ikaruka.

"Shetani mkubwa yule! Nilikwambia mimi, Mhehe si mtu!"

"Kaka, kwa nini lakini? Nimemkosea nini?"

"Usiulize kwa nini, mdogo wangu. Utaumia bure."

Akavuta kiti karibu yangu. Halafu akaniambia kwa upole, ule upole wake wa msibani:

"Mimi nakushauri kama kaka. Hiyo ardhi ina mkosi. Samaki ndiyo basi tena. Iache. Watu wa kuichukua hawakosekani, mtu akaweka hata malori yake pale, wewe ukaanza upya mbali na yule mshenzi."

"Nitafikiria kaka."

"Na usimwambie chochote. Ukimuuliza atakugeuzia maneno. Kaa kimya tu."

Akanifuta machozi kwa kiganja chake, naapa. Nikarudi Kikuyu nimejiegemeza kwenye ushauri wa kaka yangu.

Sehemu moja ya ushauri niliifuata. Nilikaa kimya.

Hamjui ilivyo kazi kula meza moja na mtu aliyekuuza. Unampa mboga. Unamuuliza kazi imeendaje. Anakutania, na wewe unatakiwa ucheke.

"Mbukwa, mke wangu wa jangwani!"

"Kamwene..."

"Mbona leo mla mbwa hamna?"

"Nina mafua."

Nikajaribu siku moja, kumpa nafasi tu. Mungu ananiona, nilitaka ajiokoe.

"Baba Aneth, una uhakika ulimwambia Hanifu ulikuwa unatania?"

Akanitazama machoni.

"Mke wangu, mimi nikuue wewe?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipofunga mlango. Kama angeniambia "nilipinga, sababu ni hii," tungegombana, tungelia, pengine leo tungekuwa pamoja. Lakini aliniangalia kwa macho yale yale ya siku ya harusi!

Nikarudi kwa Bwana Hanifu.

"Mwenye pingamizi akiliondoa mwenyewe, inakuwaje?"

"Unaomba usikilizwe upya. Mkutano ule ule, mtaa ule ule. Akiliondoa hadharani kama alivyoliweka hadharani, mimi naandika."

"Na asipoliondoa?"

"Fukia mabwawa, mama."

Nikaomba usikilizwaji mpya. Halafu nikampigia simu mama mkwe Ifunda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mtani wangu! Hao samaki wako bado hawajafa kwa kiu?"

"Wapo mama. Njoo uwaone. Kuna mkutano wa kituo changu, nataka uwepo."

"Nakuja! Nani atanizuia?"

Sikumwambia zaidi ya hapo. Mama wa watu sikutaka kumtia ugonjwa.

Siku ya mkutano wa pili, Stanley akaja kwa kujiamini. Kumbe alikuwa amejiandaa kurudia ile ile. Akaingia anasalimia watu kwa utani... halafu akamuona mama yake. Kakaa mstari wa mbele, kitenge kipya, kilemba kimesimama.

Rangi ikamtoka.

"Mama! Umefika saa ngapi?"

"Nimefika saa ya samaki. Kaa chini, mkutano unaanza."

Mimi nilikaa upande wa pili na Lameck. Alisisitiza aje. "Siwezi kukuacha peke yako siku kama ya leo," aliniambia, na alikuwa kanishikia mkoba wangu mapajani, kaukumbatia kabisa. Wamama wa mtaa walimtazama kwa wivu. Kaka kama huyu unampata wapi?

Nje, chini ya ukuta wa ofisi, kulikuwa na gari kubwa jeupe limeegeshwa, vioo vimepandishwa. Sikulitilia maanani.

Mama Emiliana akafungua. "Mjue kilichotuleta. Ombi lilikataliwa kwa sababu ya pingamizi moja. Mwenye pingamizi yupo. Leo tunataka kusikia, si kucheka."

Bwana Hanifu akafungua kalamu yake. "Bwana Stanley, unasimamia pingamizi lako au unaliondoa?"

Stanley akasimama. Akakohoa.

Kabla hajafungua mdomo... nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba mtani nitangulie."

Mama Emiliana akanitazama, akakubali kwa kichwa. "Haya. Kwa ufupi."

Nikasimama katikati ya uwanja ule ule. Sauti nikaitoa.

"Wapendwa, mimi ndiyo wa kulaumiwa! Huyu afisa kanikatalia kibali kwa sababu anadhani mume wangu ananipinga kweli. Nimemwambia, Bwana Hanifu, wewe humjui Mhehe! Mhehe amwogope samaki? Watu ambao babu zao walipambana na Mjerumani, leo mjukuu akimbizwe na sato?"

Watu wakaanza kucheka.

"Kama mume wangu anawaogopa samaki, aseme! Nitawafunga kamba!"

Uwanja ukalipuka! Fimbo chini, miluzi juu. Mama mkwe anacheka kuliko wote, kashika kilemba kisidondoke. Akamgeukia mwanawe, machozi ya kicheko yanamtoka.

"We Stanley! Umempinga mkeo kweli, au ulikuwa unamtania mtani wako?"

Nikamtazama mume wangu. Nikaona anavyotafuta pa kutokea.

Akisema kweli, atakuwa amemsaliti mkewe mbele ya mama yake, tena kwa kujificha nyuma ya utani. Akisema utani, pingamizi limekwisha. Na huku watu wanamcheka, na kicheko kile nakijua mimi. Kinakubeba bila kukuuliza unakwenda wapi.

Akacheka. Ha! Ha! Kile kicheko cha meno tu.

"Jamani... ilikuwa utani! Mimi nimpinge mke wangu? Ilikuwa utani tu!"

Makofi!

Hapo, ndugu zangu, nilidhani nimemaliza. Nilidhani nyoka alikuwa mmoja na nimemkanyaga kichwa.

Pembeni yangu kiti kikaanguka.

"UTANI GANI, STANLEY?!"

Niligeuka polepole.

Ni Lameck! Kasimama, mishipa ya shingo imemtoka, kidole kamnyooshea mume wangu.

"Utani gani? Si tulikubaliana! Si ulisema utasimama hapa umalize? Watu wa yadi wako nje kwenye gari wanasubiri, nimeshawaonyesha mpaka mipaka! Malori yanakuja kupaki wapi? Nitawaambia nini mimi? Utani?!"

Hakuna aliyecheka.

Nadhani alijisikia mwenyewe akiwa katikati ya sentensi. Mkono ukabaki hewani. Mdomo ukabaki wazi.

Sato jike anafunga mdomo na njaa inamuuma, alinde kilicho ndani. Kaka yangu alishindwa kuufunga mara moja tu.

Nikaelewa vyote kwa mpigo. Yadi ya malori. Kaka angepata ardhi aliyonionea huruma kwenye msiba wa baba. Mume wangu angepata gereji yake mwenyewe ndani ya yadi, na aache kuitwa Baba Samaki na mafundi wenzake. Mimi nikate tamaa, niwaachie. Ndiyo maana kaka alinifuta machozi kwa bidii vile. Alikuwa anasafisha njia.

Stanley akajitupa kwenye kiti. "Lameck... nani kakwambia uongee?"

Bwana Hanifu, kalamu mkononi, uso ule ule wa rula.

"Bwana Stanley. Naandika lipi?"

Stanley akamtazama Lameck. Akanitazama mimi. Akamtazama mama yake.

Mama mkwe kicheko kilikuwa kimemkauka usoni. 

"Umeshasema ni utani," akamwambia mwanawe, kwa sauti ndogo. "Usinifanye nimezaa kitu kingine leo."

Stanley akainamisha kichwa.

"Andika... utani."

"Siandiki utani. Fomu haina sehemu ya utani. Naandika umeondoa pingamizi na umetoa ridhaa. Ni sawa?"

"Ni sawa."

Kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi. Mama Emiliana akauliza kama kuna mwingine mwenye pingamizi, macho kamkazia Lameck. Lameck hakuwa na haki ya kupinga chochote pale, si mwenza, si jirani. Alikuwa kaka tu.

Nikamsogelea. Bado kakumbatia mkoba wangu.

Nilikuwa na maneno mengi, jamani.  Nikasema moja.

"Kaka. Naomba mkoba wangu."

Akanipa. Hakuniangalia.

"Dori, mdogo wangu, ngoja nikueleze..."

"Stanley ni mtani wangu. Kanichoma akajificha kwenye utani, na kwenye utani huo huo nimemkuta. Wewe na mimi tumbo moja, Lameck. Hatuna utani. Wewe utajificha wapi?"

Akatoka. Tukasikia lile gari jeupe likiwaka, likaondoka bila yeye. Akabaki anatembea pembeni ya barabara na vumbi lake.

Kibali kilitoka. Kituo nimejenga, na geti ni bluu, ile rangi niliyoichagua.

Stanley nilimwambia akakae Kizota karibu na malori yake anayoyapenda. Siku ile mama yake hakumfuata. Alilala kwangu, kitanda kimoja na Aneth, na asubuhi alidamka akatangulia bwawani, nikamkuta anawarushia samaki chakula, analia kimya kimya.  Nilimsogezea kigoda tu.

Mnaniuliza inbox kama nimemsamehe mume wangu. Wiki iliyopita alikuja. Alisimama nje ya geti, kanyoa, kavaa shati alilovaa siku ya ubatizo wa Aneth. Ndani vifaranga vilikuwa vimeanguliwa, vingi, vidogo kama punje za ulezi, na wateja wa Bahi wanasubiri na ndoo zao.

Akachungulia, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Mbukwa, mke wangu wa jangwani! Mgogo na samaki wapi na wapi?"

Wateja wakacheka wote.

Mimi sikucheka.

"Unatania, Stanley, au unasema kweli? Maana siku hizi na mimi naandika kinachosemwa."

Tabasamu likamkauka. Akageuka akaenda zake. Na niwe mkweli, iliniuma. Nilikuwa nimemkumbuka mla mbwa wangu. Sikumwita.

Lameck bado ananitumia ujumbe kila Jumapili: "Damu haiwi maji." Sijibu. Mimi mfugaji wa samaki, maji hayajawahi kuniuza.

Haya, somo langu ndilo hili, wa kuchukua achukue. Watu wanatufundisha tumwogope adui anayenuna. Mimi niliuzwa na mmoja aliyenichekesha na mwingine aliyenifuta machozi. Utani ni mali ya watani, msiuache, mimi mwenyewe siuachi. Mtani wako akikurushia neno mbele za watu, cheka naye, cheka mpaka kitenge kifunguke.

Ila ukimaliza kucheka, muulize.